Mwenda wa Bayeke: diski zake ziko wapi?

Sisi ni ndugu watatu, watoto wa baba moja. Baba yetu alifanya kazi ya machimbo kule Jadotville, muji ambao leo unaitwa Likasi. Alipohamia Goma na bibi yake na mizigo, ndani ya sanduku moja ya mbao kulikuwa diski kumi na moja, kila moja imefungwa ndani ya kipande cha kitenge. Zote kumi na moja zilikuwa za mutu moja: Mwenda Jean Bosco. Tarehe 17 Januari 2002, wakati Nyiragongo ilipasuka na moto ukapita katikati ya muji mpaka kwa ziwa, tulikimbia na watoto, godoro mbili na sufuria. Sanduku ilibaki. Tuliporudi, fasi ya nyumba ilikuwa jiwe jeusi lenye moshi, na baba akasimama pale juu muda murefu, hakuuliza nyumba, aliuliza sanduku.

Tangu ile siku tunatafuta. Hatutafuti zile kumi na moja tu. Tulijiwekea neno kwamba tutapata nyimbo zote ambazo Mwenda alitia mu diski, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho. Leo ni miaka zaidi ya makumi mbili na hatujamaliza. Lakini kwa kutafuta diski tumejifunza maisha ya mwenyewe, na tumeona ni vizuri kuyaelezea kwa ukurasa huu, kwa sababu wasomaji wake ni watu wa machimbo, na Mwenda alikuwa mutoto wa inchi ya shaba, sauti yake ilitoka mule mule mu kambi za wafanyakazi.

Alizaliwa mwaka 1930, ku Bunkeya. Wenye hawajui Katanga wanaweza kufikiri ni kijiji tu. Bunkeya ilikuwa kiti cha ufalme wa M'Siri, mutu aliyetoka upande wa Usumbwa, ambayo leo iko Tanzania, akakuja kutafuta shaba katikati ya karne ya 19, akabaki, akawa mufalme. Watu wake waliitwa Bayeke. Shaba ya Katanga, wakati ile ikiyeyushwa na wenyeji wenyewe ndani ya tanuru za udongo na kumwangwa kwa umbo la musalaba, ilienda kwa mabega ya watu mpaka pwani ya mashariki na mpaka Benguela, kwa bahari ya magharibi. Tarehe 20 Desemba 1891 M'Siri aliuawa kwa risasi na watu wa kapiteni Stairs, waliotumwa na mufalme Léopold, na kuanzia pale inchi ikaingia mu mikono ya wageni. Jina Mwenda ni jina la ufalme ule. Kwa hiyo mutoto aliyezaliwa 1930 na kuitwa Mwenda hakuwa na jina la bure. Jean Bosco ni la ubatizo, na tutaona mbele namna yale majina mawili yalitusumbua sisi wenye kukusanya diski.

Jadotville haikuwa mbali. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa imekwisha kugeuza ule upande mzima kuwa viwanda, reli na kambi. Karibu na muji kulikuwa Shinkolobwe, fasi ambayo ilitoka uranium ya bomu za Amerika. Wafanyakazi walitoka kila pembe: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, hata Ruanda-Urundi. Nani angemusikia nani? Walisikilizana kwa Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha kitabu, kilikuwa kile cha kazi, cha mulango kwa mulango, cha mwanamuke anayeuza mihogo na mwanaume anayengoja posho. Nyimbo za Mwenda ziko ndani ya lugha ile. Ndiyo sababu mutu wa Goma akizisikia leo hahitaji mutafsiri, ingawa kuna maneno mawili matatu ya Katanga ambayo yanatufanya tucheke.

Gitare ilikuwa imeingia mu kambi kwa njia nyingi: kwa mabaharia wa Matadi na watu wa Afrika ya Magharibi waliokuja kufanya kazi, kwa reli, kwa maduka ya Wagiriki na Wareno, kwa vijana waliorudi kutoka machimbo ya kusini. Kijana wa Katanga alitembea nayo barabarani, akipiga huku anatembea, na watoto nyuma yake. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu vya mukono wa kuume, kidole gumba na kile cha pili. Gumba lilishika nyuzi nene za chini bila kuchoka, na kidole cha pili kikaenda njia yake juu, kikiwahi na kikichelewa. Ukisikiliza bila kuona, unafikiri kuko watu wawili. Tulikuwa na jirani fundi wa gitare hapa Goma ambaye alikataa, alisema ni gitare mbili. Tulimuonyesha picha za Mwenda akiwa peke yake na kiti chake, akakaa kimya, kisha akaomba diski alale nayo.

Mwaka 1952 ndio mwaka wa kila kitu. Muingereza moja, Hugh Tracey, aliyefika Rhodesia ya Kusini kijana mwaka 1921 kulima tumbaku, alikuwa amekwisha kuacha tumbaku na kugeuka mutu wa kunasa muziki ya Waafrika. Alizunguka na gari iliyobeba mashine ya kunasa sauti na moteri ya umeme, akafika Congo mwaka ule, akapita Katanga, akapanda mpaka Ituri, akaingia Rwanda mu kiambo cha mwami. Mu barabara za Jadotville akakutana na kijana wa miaka karibu 22 na gitare yake. Akamukalisha mbele ya mikrofoni. Kati ya nyimbo walizonasa ilikuwa ile inayoitwa Masanga.

Hapa tusimame kidogo. Masanga ni dakika tatu tu, haipiti. Lakini ile dakika tatu ilivuka mipaka kuliko mutu yeyote wa Katanga kabla yake. Ilipata zawadi ya Osborn, ambayo wakati ile ilitolewa kwa muziki bora ya Afrika ya mwaka. Ikauzwa mu diski za Gallotone, kampuni ya Afrika ya Kusini, ikapelekwa Nairobi, Kampala, Lusaka, Salisbury. Tracey akaitia tena mu diski ya gitare za Afrika iliyotoka Uingereza kwa Decca. Mwalimu moja wa chuo kikuu cha London, David Rycroft, akakaa akaiandika nota kwa nota, na mwaka 1961 na 1962 akachapisha kazi yake mu gazeti la wataalamu wa muziki. Watu wa Ulaya na Amerika walikuwa wanavunja vidole kujifunza kile kijana wa Bunkeya alipiga akiwa anatembea.

Diski zenyewe, kwa wale vijana ambao hawajaziona: hazikuwa za plastiki. Zilikuwa za sheleki, nzito kama sahani ya udongo, na zikianguka zinavunjika kama sahani ya udongo. Zilizunguka mara 78 kwa dakika. Upande moja ulibeba wimbo moja, dakika tatu hivi, na upande wa pili mwingine. Fono haikuhitaji umeme, unaizungusha kwa mukono kama unavuta maji ya kisima. Baba yetu alisema kwamba siku ya mshahara, mu kambi, mwenye fono alikuwa mutu mukubwa kuliko kapita.

Sasa fikiria kazi ya mwenye kutaka kukusanya zote. Kuko watu kule Ulaya wanakusanya muziki ya filamu, na tunawaonea wivu. Ennio Morricone, yule wa filamu za cowboy ambazo wazee wetu walizitazama mu kanisa na mu sinema, alitungia filamu na televisheni zaidi ya 400. Ni mingi kabisa. Lakini kila filamu iko na jina, iko na mwaka, iko na kartasi ya matangazo; unafuata orodha ya filamu, unajua kitu gani inakukosa. Mwenda hana orodha kama ile. Wimbo wake uko na namba ya Gallotone juu ya kikaratasi cha katikati, kama kikaratasi hakijakwanguliwa na panya. Jina la wimbo limeandikwa na mutu wa Johannesburg ambaye hakusikia Kiswahili, kwa hiyo wimbo moja unaukuta na majina mawili, herufi moja imepunguka hapa, neno limeunganishwa pale. Na Mwenda mwenyewe alikuwa na desturi ya kurudilia wimbo wake baada ya miaka na kuubadilisha, hata ukiitwa vile vile. Bombalaka ya kwanza na Bombalaka ya uzee: ni moja ao ni mbili? Kwetu nyumbani hii swali imeharibu chakula cha jioni zaidi ya mara moja.

Tambala Moja, Watoto Wawili, Mama na Mwana, Kijana Muke. Ukisoma majina tu, unaona alikuwa anaangalia nini. Hakuimba wafalme, ingawa aliitwa jina lao. Aliimba vitu vya ndani ya nyumba, ndoa, vijana, mambo ya muji mupya ambamo mutu hana shangazi wa kumushauri na mushahara unaisha kabla ya mwezi. Mama yetu, ambaye hakupenda fono kwa sababu ilileta wageni wa kunywa, alikubali nyimbo za Mwenda peke yake. Alisema kwa namna yake kwamba zile zilikuwa na adabu.

Mwisho wa miaka ya 1950 Mwenda alienda Nairobi. Kampuni ya dawa ya kichwa, Aspro, ilimutaka kwa matangazo, na akapata saa yake mu radio. Watu wa Kenya wakamusikia kila wiki. Nyuma yake akafika ndugu yake wa ukoo, Édouard Masengo, naye mutu wa gitare na wa sauti tamu, ambaye Wakenya walimupenda sana. Waliacha alama ambayo haijafutika: wapiga gitare wengi wa magharibi ya Kenya, wale wa gitare kavu na chupa ya soda inayogongwa kwa msumari, walijifunza kwa kusikiliza watu wa Katanga. Kwa mwenye kukusanya, miaka ya Nairobi ndio shimo kubwa. Radio inaimba na hewa inabeba. Diski unaweza kuikuta chini ya kitanda cha mutu baada ya miaka 60, lakini saa ya radio ikipita bila kunaswa, imepita.

Uhuru ulifika 30 Juni 1960, na siku kumi na moja nyuma yake Katanga ikajitenga, chini ya Moïse Tshombe. Waziri wake wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, alikuwa mujukuu wa M'Siri. Vita, kambi za wakimbizi, askari wa ONU; mpaka Januari 1963 ndio ikaisha. Sisi hatutaandika hapa nani alikuwa upande gani. Baba yetu alifanya kazi wakati wote ule, zamu baada ya zamu, na alisema kwamba diski mupya hazikufika tena kama zamani, maduka yalifungwa, wenye duka walikimbia. Mu sanduku yake, diski ya mwisho kununuliwa ilikuwa ya kabla ya uhuru.

Kisha, Julai 1969, kitu ambacho hatukuamini mpaka tulipokiona kimechapwa: Mwenda alipanda jukwaa ya Newport, kule Amerika, kwenye sikukuu kubwa ya muziki ya kienyeji. Pamoja naye mu programu kulikuwa Johnny Cash, Joni Mitchell, Pete Seeger. Ilikuwa wiki ile ile watu wawili walikanyaga mwezi. Mutu wa Bunkeya na gitare yake mbele ya maelfu ya Wazungu, anaimba Kiswahili cha Jadotville, na juu ya vichwa vyao watu wanatembea mu mwezi. Tukiwa watoto tungeambiwa vile, tungesema ni hadisi ya sungura.

Aliporudi nyumbani, inchi ilikuwa inabadilisha majina. Jadotville ilikuwa imekwisha kuwa Likasi, Élisabethville ikawa Lubumbashi, Congo ikawa Zaïre mwaka 1971, Katanga ikawa Shaba. Union Minière ilinyanganywa na serikali mwisho wa 1966, na kazi yake ikaingia mu kampuni ambayo wote tunaijua kwa jina Gécamines. Mwaka 1972 Mobutu akakataza majina ya ubatizo. Jean Bosco ikaanguka. Akabaki Mwenda wa Bayeke. Ni jina zuri, labda lilimufaa kuliko lile la kwanza. Lakini angalia kazi yetu: mutu moja anaitwa Mwenda Jean Bosco, Jean Bosco Mwenda, Bosco Mwenda, Bosco tu, Mwenda wa Bayeke, na mara moja tulikuta diski ya soko ambayo ilimuandika Mwendo. Dada yetu, ambaye ndiye mwenye kushika kaye ya orodha, ametia kurasa mbili kwa majina tu. Tuliwahi kununua diski kwa bei ya mbuzi, kwa sababu iliandikwa Bosco, tukafika nayo nyumbani, kumbe ni Bosco mwingine, mutu wa kanisa.

Miaka ile haikumuendea vibaya kabisa, lakini muziki ilikuwa imehama. Kinshasa ilikuwa imeshika inchi yote kwa gitare za umeme: Kallé, Franco, Rochereau, vijana wa Zaïko. Lingala ilijaa mu radio. Mutu moja na gitare ya mbao, kwa Kiswahili, alionekana kama babu. Mwenda hakulia. Alikaa Lubumbashi, akafanya kazi ya ofisi Gécamines, akaunda kundi lake, Super Shaba, akafungua hoteli karibu na mupaka wa Zambia. Ndugu zetu wachimbaji watatuelewa hapa: muziki ilimupa jina, lakini watoto walikula kwa mushahara na kwa hoteli. Wapiga gitare wenzake wa Katanga, kama Losta Abelo, nao walijitafutia namna ileile. Ile desturi ya kulipwa mara moja kwa wimbo, unapokea franga zako na kampuni inauza diski yako miaka yote, ilikuwa ya kawaida kwa wanamuziki wa wakati ule. Mwenye kuchimba coltan Rubaya ao kasiterite Walikale na kuona bei kwenye telefone yake atajua ladha yake.

Mwaka 1979 kijana moja Muingereza, John Low, mupiga gitare, alikuja Shaba kutafuta wale wazee wa diski. Alimupata Mwenda, akakaa kwa miguu yake, akaandika kitabu kidogo cha safari ile, Shaba Diary. Kwa sisi kitabu kile ni kama ramani. Mwaka 1982 Mwenda akaenda Ujerumani, na kule Berlin wakamunasa tena, peke yake na gitare, na zile nyimbo zikatoka mu diski baadaye, wakati mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 1988 akaingia mu studio Afrika ya Kusini. Hii ya 1988 ndio rahisi kupata leo, kwa sababu Waamerika wa Rounder waliitoa mu CD mwaka 1994. Sauti iko safi kabisa, kila uzi unasikika. Baba yetu aliisikiliza mara moja, akasema ni yeye, ni yeye kabisa, kisha akaomba tumurudishie ile ya mukwaruzo.

Septemba 1990 Mwenda wa Bayeke alikufa kwa aksida ya gari, upande wa Zambia. Alikuwa na miaka 60. Mwezi uleule, kule Kolwezi, mugodi wa Kamoto uliporomoka chini ya ardhi, na Gécamines haikupona tena na pigo lile. Wazee wa Katanga wanakumbuka mwezi wa Kamoto; wa Mwenda unabidi uwakumbushe.

Tunarudi kwa sanduku yetu.

Baada ya 2002 tulianza na sifuri. Diski ya kwanza tuliyoipata tena ilitoka kwa mama muzee wa Bukavu, aliyekuwa anaitumia kufunikia mutungi wa maji. Ilikuwa na ufa wa vidole viwili, lakini katikati iliimba. Ya pili na ya tatu zilitoka Uvira, kwa dereva. Ya nne tuliiazima mutu wa radio moja ambayo hatutaitaja, ili ainase vizuri kwa mashine; diski haikurudi, na yule mutu alihama. Tangu pale tuko na sheria: diski haitoki nyumbani, mwenye kutaka kusikia anakuja yeye mwenyewe, chai iko.

Kisha tukajua kitu ambacho kilitufurahisha na kutuchoma pamoja. Kazi yote ya Tracey haikupotea. Aliunda nyumba ya kuhifadhi muziki mwaka 1954, ILAM, na leo iko mu chuo kikuu cha Rhodes, mu muji wa Afrika ya Kusini uliokuwa unaitwa Grahamstown. Tracey mwenyewe alikufa 1977, lakini kanda zake na diski zaidi ya 200 za mufululizo wake mukubwa ziko pale, na kampuni ndogo ya Uholanzi, SWP, imetoa CD za baadhi yake, moja ikiwa ya chimbuko la gitare la Congo ya kusini na Zambia ya kaskazini, tangu 1950 mpaka 1958. Masanga iko ndani. Tulitumiwa CD ile na rafiki aliyeko Bruxelles, na ile usiku tuliipiga mara sita. Kwa hiyo sauti ya Jadotville iko Makhanda, iko Berlin, iko Amerika, iko Uholanzi. Mu Goma, ambapo watu wanaisikia neno kwa neno, iko ndani ya nyumba moja, mu kabati ya chuma tuliyoinunua kwa fundi wa Birere baada ya kuona mbao ilifanya nini.

Na tuko na ugomvi ambao hatujaumaliza. Kaka yetu mukubwa anasema wimbo tulio nao mu telefone, tuliotumiwa na mutu, hauhesabiwi. Kukusanya ni kushika, na kitu kisichovunjika hakiko kitu. Dada yetu anasema baba hakulilia sheleki, alililia sauti, na kama tungekuwa na nakala mu telefone mwaka 2002 tungekimbia nayo mu mufuko. Mei 2021 volkano ilipopasuka tena na kufika mpaka milango ya muji, tulikimbilia Sake na telefone mufukoni na kabati ikabaki. Usiku ule kaka yetu hakusema kitu. Lakini tuliporudi na kukuta kabati nzima, akaanza tena.

Kaye leo iko na nyimbo 58 ambazo tunajua ziliwahi kuwa mu diski, kwa kuunganisha namba, vitabu na maneno ya wazee. Hakika ziko nyingi kuliko zile. Tuko nazo 34 kwa sauti, na kati ya zile, 14 tu kwa sheleki. Mu zile kumi na moja za baba, mbili hatujazikuta hata kwa jina la pili.

Kwa hiyo tunawaomba, ndugu mulio Rubaya, Walikale, Lubero, na hasa nyinyi ambao baba zenu ao babu zenu walipita Likasi, Kolwezi ao Kipushi. Angalia chini ya kitanda cha muzee, juu ya dari, ndani ya mabaki ya duka. Kama kuko diski nyeusi nzito yenye kikaratasi cha Gallotone, usiitupe hata ikiwa imevunjika. Usiisafishe na alkoli ao pombe ya kienyeji, alkoli inayeyusha sheleki na wimbo unaenda nayo. Kitambaa laini, maji kidogo na sabuni kidogo, bila kulowesha kikaratasi, kisha kivulini ikauke. Isimamishe, usiilalishe chini ya mizigo. Usiipige na sindano ya tourne-disque ya plastiki, ile ni nyembamba kwa njia za zamani, inakwaruza chini. Kama mukiwa na fono ya mukono na sindano ya chuma, badilisha sindano kila upande, na weka telefone karibu na pembe ya fono, nase.

Namba inaandikwa juu ya kikaratasi, kwa chini, herufi mbili na tarakimu. Piga tu picha ya kikaratasi na uipeleke kwa gazeti hili, ofisi ya ukurasa wa Kiswahili. Hatutanunua kwa nguvu wala kuomba kwa machozi. Diski ni yako. Tunataka kuandika namba mu kaye, na kama unakubali, tutapanda moto mpaka kwako na mashine yetu, tusikilize pamoja.